Dishi Lililotazama Kibanja cha Ma Kagemulo

Vijana wa hapa Kibeta, mliniomba niandike habari za kazi yangu, na mkaongeza, kwa adabu sana, kwamba nisiwe na maneno mengi. Nimewasikia. Ila mtu aliyemaliza miaka yake ya kazi akisikiliza kimya huwa na maneno mengi yaliyobaki tumboni, kwa hiyo mnivumilie.

Najua mnavyoniita mkipita njiani na kunikuta napalilia migomba: yule mzee aliyekuwa anachungulia nyota. Niwasahihishe mapema. Sijawahi kuchungulia nyota hata moja. Kituo chetu hakikuwa na kioo cha kuchungulia. Tulikuwa na dishi, kubwa kupita nyumba mnamokaa, lililowahi kuwa la simu za zamani likaachwa, kisha likafufuliwa na kusimikwa kwenye rweya juu ya kijiji cha Ijumbi. Rweya, kwa ninyi mliokulia mjini, ni ile nyika ya majani isiyo na migomba, wanakochunga ng'ombe. Dishi lile halikuona chochote. Lilisikia. Na lilisikia mchana sawasawa na usiku, maana mawimbi ya redio hayajali jua. Nyota hazilali asubuhi. Ziko juu ya vichwa vyenu hata sasa mnaposoma, ila jua linawafumba macho.

Kazi yetu ilikuwa kutafuta jibu la swali moja: nyota kubwa huzaliwaje? Nyota za kadiri ya jua letu wataalamu wanazielewa vya kutosha. Taabu ni zile zilizozidi jua mara nane na kuendelea. Kwanza ni chache, halafu ziko mbali sana, na juu ya yote zinajificha. Nyota kubwa huzaliwa ndani ya wingu la gesi na vumbi zito hivi kwamba mwanga wake hautoki nje. Inaanza kuwaka ingali inakula, imefunikwa gubigubi, gizani. Mpaka wingu lije lipasuke ndipo ionekane, utoto wake umekwisha kitambo. Na hazina maisha marefu hizo. Zinakula sana, zinawaka sana, zinakufa mapema. Nilipoelezwa hivyo mara ya kwanza nywele zilinisisimka, na sioni haya kusema kwamba hazijalala hadi leo.

Kwetu Buganguzi, nilipokuwa mdogo, mama aliyejifungua alikaa ndani na mtoto hakuonyeshwa mpaka kitovu kidondoke. Mpita njia haoni mtoto wala hasikii kilio. Lakini anajua. Moshi unatoka saa isiyo ya kupika, maji ya moto yanamwagwa nyuma ya nyumba, na wanawake wanaingia bila kubisha hodi. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nawaeleza wageni wa kituo, na mkuu wetu, Dk. Kemilembe, aliniruhusu ingawa hakupenda mifano. Alikuwa mama mfupi, Mlutheri wa kwaya, sauti ya kwanza, asiyecheka kazini. Yeye ndiye aliyenifundisha kila ninachokijua.

Moshi wa nyota ni nini sasa? Ni spiriti. Msicheke. Ndani ya mawingu yale kuna methanoli, spiriti ileile inayopofusha watu ikiingia kwenye gongo. Nyota kubwa changa ikiipasha joto, spiriti ile hutoa mlio mwembamba wa redio, daima mahali palepale pa mitabendi. Nyota ndogo haziwezi kuutoa. Kwa hiyo ukisikia mlio ule kutoka kwenye wingu jeusi, jua kwamba humo ndani kuna mkubwa anayezaliwa. Mficha maradhi, kilio humfichua. Tulikuwa na mawingu yetu tuliyoyazungukia kila siku, moja baada ya jingine, kusikiliza kama mlio umepanda au umeshuka. Kazi ya kuchosha, na kuifanya vizuri kunataka mtu mwenye moyo wa mchungaji wa ng'ombe.

Mkiingia kazi hii, kitu cha kwanza mtakachopambana nacho si nyota. Ni kelele. Dk. Kemilembe alikuwa na kanuni yake: ukisikia kitu, jishuku mwenyewe kwanza, kisha mshuku jirani, mbingu ziwe za mwisho. Tulishawahi kusherehekea mlio mpya kwa soda kreti nzima, kumbe nyigu wamejenga kwenye koo la dishi. Tulishawahi kumlaumu fundi kwa kukatikakatika kwa mlio, kumbe ni bodaboda mmoja aliyekuwa anaegesha chini ya ukuta wetu kumsubiri binti wa jikoni, na pikipiki yake ilikuwa na plagi mbovu. Na msimu wa senene! Wategaji walisimika mabati yao na mataa makali mteremkoni, jenereta zinanguruma, mitambo yetu ikawa haisikii hata jina lake. Dk. Kemilembe akashuka mwenyewe kwenda kuwagombeza. Alirudi na mfuko wa panzi hao. Data za usiku ule zilipotea zote, na pale mezani hakuna aliyelalamika, senene wamekaangwa vizuri na kitunguu.

Hizo ni kelele za kuchekesha. Sasa niwaeleze ile isiyochekesha.

Kulikuwa na wingu moja lililochomoza upande wa mashariki, upande wa ziwa. Kutoka kituoni ziwa hulioni, ila ukungu wake wa asubuhi unaujua. Ili kulipata wingu hilo mapema dishi lilibidi liiname kabisa, litazame juu kidogo tu ya vibanja vya mteremkoni, yaani yale mashamba ya migomba yenye nyumba ndani yake, kisha linyanyuke nalo polepole. Chumba cha mitambo kilikuwa na spika ndogo, ya kuchangamsha tu, inayogeuza mawimbi yakawa sauti. Kwa kawaida ilitoa mvumo mmoja mkavu, kama mvua ya mbali kwenye bati. Nyota yenyewe huwezi kuisikia kwa sikio, inataka hesabu za saa nyingi. Lakini asubuhi moja, kweupe, chai iko mkononi, dishi likainama kwenye wingu lile, na spika ikapumua.

Sina neno jingine. Ilivuta, ikatulia, ikashusha. Ikavuta tena. Mimi na wenzangu wawili tulikaa tukatazamana. Dishi liliponyanyuka, ikakoma.

Kesho yake ikarudi. Na kesho yake. Kinachotisha zaidi ni kwamba haikufuata saa ya ukutani. Nyota huchomoza mapema kidogo kila siku kuliko jana, na kelele za binadamu hazijui hilo, zinafuata saa za kazi na za kupika. Pumzi hii iliwahi kila siku kama nyota. Kijana mwenzangu mmoja akaanza kuingia chumbani na Biblia. Dk. Kemilembe akasimama mbele ya spika, mikono kiunoni, akasikiliza hadi mwisho, akasema, "Hakuna kinachopumua. Andikeni: kelele, chanzo hakijulikani. Na hiyo Biblia isiwekwe juu ya mtambo, unapata joto."

Siri ilikuwa rahisi, na nawapeni bure, mtaitumia. Pumzi ilifuata saa za nyota kwa sababu dishi ndilo lililofuata nyota. Sisi ndio tuliokuwa tunarudi mahali palepale kwa saa za mbinguni. Ukitaka kujua sauti ni ya juu au ya chini, simamisha dishi, uache wingu liende zake. Sauti ikiondoka na wingu, ni ya juu. Ikibaki, ni ya duniani. Tukasimamisha. Wingu likapanda likaenda. Pumzi ikabaki, inavuta, inashusha, pale pale juu ya migomba.

Nilitumwa mimi, maana ni mwenyeji kiasi na najua kuamkia watu. Nikashuka na antena ya mkononi na kisanduku chake, nikaingia kwenye kibanja. Mnajua kibanja kilichokomaa kilivyo ndani: kiza cha kijani, majani makavu yanameza hatua zako, huoni nyumba mpaka uigonge. Kila nilivyosogea sindano ilipanda. Ilinipeleka nyuma ya nyumba, mahali pa makaburi ya ukoo. Moja lilikuwa na kibanda kidogo cha bati, juu yake paneli ya sola, na pembeni antena imefungwa kwenye mti. Ndani ya kibanda kulikuwa na betri, kisanduku cheusi chenye taa inayowaka na kuzimika, na simu ndogo ya vitufe, imelazwa juu ya kitambaa cheupe. Taa ile iliwaka na kuzimika kwa mwendo wa pumzi.

Mama mmoja mzee alikuwa ameketi kwenye jamvi kando ya kaburi, anachambua maharage. Ndiye Ma Kagemulo.

"Shikamoo mae." Kwetu mae ni mama, na tata ni baba, hata kwa kijana.

"Marahaba, tata. Kaa. Nilijua mtakuja tu. Lile sufuria lenu linanitazama kila siku, nikasema, lina siku litatuma mtu."

"Halikutazami wewe, mae. Linatazama juu."

"Juu wapi? Linaanzia kwangu. Linainama mpaka usawa wa hili kaburi, linakaa, ndipo linainuka. Taratibu, kama mtu asiyetaka kuamsha watu." Akaniletea kikapu kidogo cha kahawa za kutafuna, maana hata ukija na habari mbaya Uhayani lazima utafune kahawa kwanza. "Mimi nikasema linamtafuta Muganyizi."

Muganyizi alikuwa mwanawe wa pekee. Alikwenda visiwani kununua dagaa, mtumbwi ukapinduka na upepo, wenzake wakapatikana, yeye hakupatikana. Ukoo ukangoja, ukatafuta, ukangoja. Mwishowe wakafanya kama wazee wetu walivyofanya kwa mtu aliyepotea bila mwili: walikata mgomba, wakauvika lubugo, ile nguo ya gome la mti, wakaulilia, wakauzika. Ndio uliokuwa kaburini pale. Mgomba.

"Ukoo wananiambia nimeshazika," akasema. "Ni kweli. Nimezika mgomba."

Na simu? Simu ilikuwa ya Muganyizi. Aliiacha nyumbani akiogopea maji. Mama hakuwa na simu yake. Siku ya kuondoka kijana alimwambia, nikifika nitaazima simu ya mtu, nitapiga kwa namba hii hii, ndiyo ninayoijua kwa kichwa. Usiizime. Kwa hiyo hakuizima. Mteremko ule haukuwa na mtandao mzuri, mpwa wake akamletea kutoka Muleba kile kisanduku, busta ya mtandao, ya bei rahisi. Kumbe ilikuwa mbovu. Badala ya kuongeza mtandao kimyakimya ilikuwa inapiga kelele mbinguni kote, na dishi letu lilipoiinamia, ilikuwa kama kuweka sikio mdomoni mwa anayepiga yowe.

"Kwa nini umeiweka hapa, mae? Kwa nini si ndani?"

Akanitazama kama anavyotazamwa mtu asiyejua kuhesabu. "Kama yumo, simu yake iko karibu naye. Kama hayumo, namba anaijua."

Nilirudi kituoni nikatoa taarifa. Wengine wakasema busta mbovu ni kosa kisheria, ikang'olewe. Dk. Kemilembe akaagiza wingu lile lisikilizwe likishapanda juu ya migomba. Tukakosa sehemu yake ya mwanzo kila siku, na maisha yakaendelea. Mimi nilizoea kupita kwa Ma Kagemulo nikitoka kazini. Alinichagulia ndizi nzuri, akanitania kwamba nimesoma sana na bado sijui kuchuma. Na kila mara kabla sijaondoka aliniomba nimtazamie kwenye kioo cha simu kama kuna kitu. Hakukuwa na kitu. Simu ile ilikuwa haiiti. Hata wale wanaokosea namba hawakuikosea.

Halafu wingu likaamka.

Kwa wiki kadhaa mlio wa spiriti ulipanda kidogokidogo, kisha ukaruka. Tuliangalia nyigu, tukaangalia pikipiki, tukajishuku hadi tukachoka. Ulikuwa wa kweli. Hapa niwaeleze kwa nini watu wazima tulikuwa tunakimbizana koridoni. Lile swali letu, nyota kubwa huzaliwaje, lina swali jingine tumboni mwake: inakulaje? Nyota ikiwaka sana inapaswa kusukuma chakula mbali nayo. Sasa inanenepaje? Wengi walidhani haili polepole, bali hula kwa matonge. Wingu huangusha tonge zima la gesi juu yake, nyota inameza, inawaka ghafla ndani ya giza lake, na joto linatoka nje likiwasha spiriti duara kwa duara. Likitokea unao muda mfupi tu wa kulishuhudia. Ukichelewa, kumekwisha, na hujui litarudi lini.

Dishi moja lisingeweza kuliona duara hilo. Lakini palikuwa na dishi jingine, mashariki ya mbali, nchi ya watu. Madishi mawili yaliyo mbalimbali yakisikiliza kitu kimoja kwa wakati mmoja, ukiunganisha yalichosikia, yanafanya kazi ya dishi moja lenye upana wa umbali wote ule. Tatizo ni kwamba kwao wingu lilikuwa linazama wakati kwetu linachomoza. Tulikuwa na kama saa moja tu ya pamoja. Na saa hiyo, kwa upande wetu, dishi lilikuwa limeinama kabisa, juu ya kaburi la Muganyizi.

"Nenda kamwombe," Dk. Kemilembe akaniambia. "Asubuhi moja. Na akikataa, rudi na usimbembeleze. Unanisikia? Usimbembeleze."

Nikaenda. Nilimkuta anamenya ndizi. Nikamweleza kama nilivyojua.

"Ni mtoto?" akauliza.

"Ni kama mtoto, mae. Mkubwa. Anakula sasa hivi, gizani, na hakuna aliyewahi kumwona vizuri akila."

"Mama yake yuko wapi?"

"Hana mama. Ni wingu tu."

"Basi wingu ndiye mama." Kisu kikatulia mkononi. "Na mkishajua kwamba anakula, mtamfanya nini?"

"Hatutamfanya kitu. Tutajua tu kwamba yupo na anakula."

Jani moja la mgomba lilianguka nyuma yetu, na wote wawili tukageuka. "Bojo," akasema, kama sisi Wahaya tunavyosema tukiguswa, "kujua tu kwamba yupo na anakula. Mimi nani nikatae? Lakini uje wewe mwenyewe. Mkono utakaoizima ndio uiwashe. Na ukae hapa na mimi, usiniache peke yangu na simu isiyo na kitu."

Kwa hiyo katika asubuhi kubwa kuliko zote za kazi yangu, mimi sikuwa kwenye mitambo. Nilikuwa kwenye jamvi, kando ya kaburi la mgomba. Tulikubaliana kwamba kituoni watagonga rimu ya gari: mara ya kwanza nizime, mara ya pili niwashe. Rimu ikalia. Nikachomoa waya wa busta. Taa ikafa, na kwenye kioo cha simu vile vistari vya mtandao vikaisha kimoja kimoja.

Nataka mjue ilivyokuwa. Jua linawaka, lakini mle kwenye migomba ni kiza. Hakuna upepo. Kuku waliokuwa wanaparura wamesimama. Juu, kwenye uwazi wa majani, dishi limeinama, jeupe, limetutazama usoni, halitoi sauti yoyote. Nilijua kwa akili zangu zote kwamba linatazama wingu lililo mbali kuliko ninavyoweza kusema, na kwamba hicho linachosikia kilitokea kabla ya kuwapo Ijumbi na Wahaya na Kiswahili. Akili ilijua. Mgongo wangu haukujua. Nilihisi tunasikilizwa sisi. Ma Kagemulo alikuwa ameweka kiganja juu ya udongo wa kaburi, anatikisa midomo, na sikuuliza anasema na nani. Niliogopa, vijana wangu. Nilitaka rimu ilie.

Ikalia. Nikarudisha waya. Taa ikawaka, vistari vikarudi. Tukangoja. Nikaanza kucheka kidogo, ule mcheko wa mtu aliyenusurika, nikasema, "Umeona mae, imekwisha."

Simu ikaguna.

Ulikuwa ujumbe wa mtandao. Ma Kagemulo hakujua kusoma. "Soma, tata," akasema. Nikausoma kimoyomoyo kwanza. Ulisema kwamba namba fulani ilipiga wakati simu haipatikani. Muda uliotajwa ulikuwa katikati ya saa ile.

"Soma."

Ningeweza kumwambia ni tangazo la vocha. Lilinijia mdomoni. Nikamsomea kama ulivyokuwa.

Tukapiga ile namba papo hapo. Haipatikani. Tukapiga jioni, kesho yake, wiki nzima. Nilikwenda Muleba, nikaenda hadi Bukoba kuuliza ni ya nani, nikaambiwa kwa upole kwamba hawatoi majina ya wateja. Haikupatikana tena kamwe. Nimeshajipa kila maelezo. Aliyekosea namba. Wale wa mikopo. Tapeli. Yote yanawezekana, na kama mngekuwa ninyi mnanieleza kisa hiki ningewajibu hayo hayo, jishuku, kisha mshuku jirani. Lakini tangu kijana apotee simu ile ilikuwa haijawahi kuita.

Nilidhani nimemuua mama yule. Niliinua macho kumtazama nikiwa nimejiandaa kwa yowe. Alikuwa anatabasamu. Uso wote umefunguka, machozi yanashuka na hayafuti.

"Amepiga," akasema. "Umeona? Yupo."

Furaha yake ndiyo iliyonivunja. Kama angenilaani ningelala usingizi.

Kule kituoni walikuwa wanakumbatiana. Duara lilionekana, likitanuka. Nyota ilikuwa imemeza tonge. Wenzetu wa mashariki walituma pongezi, na picha ile, doa la rangi kwenye weusi, ikatundikwa ukutani. Ni kazi nzuri, someni habari zake, nyota kubwa zinakula kwa matonge na sisi wa Ijumbi tulikuwepo. Mimi nilikuwa napita chini ya picha hiyo bila kuinua kichwa. Dk. Kemilembe alinisikiliza nilipomsimulia, akavua miwani, akasema tu, "Hatutamwomba tena." Akaweka amri kwamba dishi lisiiname upande ule chini ya usawa wa migomba. Vijana wapya walipouliza kwa nini, aliwaambia kuna kizuizi. Ndivyo tulivyoipoteza saa ile ya anga kila siku hadi ninastaafu, na hakuna siku niliyoona tumeipoteza bure.

Ma Kagemulo amelala sasa kando ya mgomba wake. Alipoanza kuugua aliniita, akanipa simu imefungwa kwenye kitambaa kilekile cheupe. Nikamwambia ampe mpwa wake. Akakataa. "Wewe ndiye uliyekuwa nayo alipopiga," akasema. "Atakujua."

Nilihamia Kibeta kwa sababu ya hospitali na wajukuu, ndivyo nilivyowaambia watu. Ukweli ni kwamba hapa mtandao ni mzuri na simu haihitaji busta. Mara kwa mara naiwekea vocha na kupiga kidogo, namba isije ikafungwa. Betri nimebadilisha. Wanangu wanadhani ni uzee.

Sasa mmesema mtakuja kunitembelea, kundi zima, na maswali yenu. Njooni, kahawa za kutafuna zipo. Nitawaeleza yote ya nyota mpaka mchoke. Ila mtaona simu ndogo ya vitufe dirishani, juu ya kitambaa. Magoti yangu yameisha, kuinuka kunanichukua muda. Ikiita, msinisubiri mimi. Pokeeni, mwambieni asikate.